Tarehe na saa katika R: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya kuhusu R, lugha ya programu ya takwimu, nimeyakusanya kwa wanafunzi, watu wa takwimu na wenzangu wanaosafisha data za zahanati na za utafiti. Mengi huja usiku, kesho yake ripoti inatakiwa. Mifano yote hutumia R ya kawaida, na pale pakeji inaporahisisha kazi nimeitaja. Jambo moja utaliona likijirudia: kosa linalosimamisha programu si la kuogopa sana, kwa sababu utaliona. Baya ni lile linalokupa jibu, tena jibu lenye sura nzuri, kumbe si sahihi.

## Mwanzo kabisa

1. R inahifadhi tarehe kama nini hasa?

Kama namba. Tarehe ya aina ya `Date` ni idadi ya siku tangu tarehe 1 Januari 1970. Siku hiyo yenyewe ni sifuri, na zilizotangulia ni hasi:

```r
as.numeric(as.Date("1970-01-01"))   # 0
as.numeric(as.Date("1961-12-09"))   # -2945, uhuru wa Tanganyika
as.numeric(as.Date("2024-03-01"))   # 19783
```

Sura unayoiona kwenye skrini, yaani mwaka, mwezi na siku, ni nguo tu iliyovishwa namba hiyo. Ukilishika hili mapema, nusu ya maswali yanayofuata yatajijibu yenyewe: kutoa tarehe moja kwenye nyingine ni kutoa namba, kuongeza siku kumi ni kujumlisha kumi, na nguo ikivuliwa inabaki namba (swali la 20).

2. Kuna Date, POSIXct na POSIXlt. Nitumie ipi?

Kama data yako haina saa, tumia `Date` na usiongeze saa pasipo sababu. Saa huja na ukanda wa saa, na ukanda wa saa huja na matatizo yake.

Kama saa ina maana, tumia `POSIXct`. Nayo ni namba, ila inahesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia. Inakaa vizuri ndani ya jedwali.

`POSIXlt` ni orodha ya vipande: sekunde, dakika, saa, siku, mwezi, mwaka. Ifungue unapotaka kipande kimoja, kisha iache. Na uwe macho: `$mon` huanza na 0, kwa hiyo Januari ni 0 na Desemba ni 11, na `$year` huhesabu kuanzia 1900, kwa hiyo 2024 utaiona kama 124. Sijawahi kukutana na mtu ambaye hajanaswa hapo walau mara moja.

3. Lazima nitumie lubridate?

Si lazima. Ni pakeji ya R ya kushughulikia tarehe. Fanksheni zake `dmy()`, `ymd()` na `mdy()` zinasomeka vizuri kuliko fomati za alama ya asilimia kama `%d/%m/%Y`, na kwa miezi na miaka inasaidia sana (swali la 12). Lakini ikikuharibikia bila kujua chini yake kuna nini, utabaki unabahatisha. Jifunze kwanza `as.Date()` na `difftime()`.

## Kusoma tarehe kutoka kwenye faili

4. Tarehe yangu 25/12/2023 imekuwa "0025-12-20". Kulikoni?

Hujaiambia R fomati, ikajitafutia. Usipoandika `format`, `as.Date()` hujaribu mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kwanza kwa vistari (-), kisha kwa mikwaju (/). Ikasoma 25 kama mwaka, 12 kama mwezi, na katika 2023 ikachukua tarakimu mbili za kwanza, 20, ikazifanya siku. Zilizobaki ikazitupa. Hakuna kosa wala onyo.

```r
as.Date("25/12/2023")                        # "0025-12-20"
as.Date("25/12/2023", format = "%d/%m/%Y")   # "2023-12-25"
```

Sisi huandika siku kwanza. Wamarekani huandika mwezi kwanza. Faili iliyopita kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kimarekani inaweza kukuletea 03/04/2024 ambayo hakuna programu itakayokuambia kama ni Aprili au Machi. Tafuta mistari ambayo moja ya namba imevuka 12. Hiyo ndiyo inayosema ukweli. Ikiwa kuna mistari yenye 13 na zaidi upande wa kwanza na mingine yenye 13 na zaidi upande wa pili, basi faili moja ina mitindo miwili, na ni bora urudi kwa aliyeiandaa kuliko kujaribu kubahatisha.

5. Baadhi ya tarehe zimekuwa NA. Nizifute?

NA ni alama ya R ya thamani isiyojulikana. Usizifute kabla hujaziona. Ziite zilivyokuwa mwanzo (`d` ni jedwali lako):

```r
t <- as.Date(d$tarehe, format = "%d/%m/%Y")
d$tarehe[is.na(t) & !is.na(d$tarehe)]
```

Mara nyingi utakuta mambo matatu. La kwanza ni siku isiyokuwepo, kama 29/02/2023 au 31/06/2022. La pili ni herufi O mahali pa sifuri. La tatu ni mistari michache yenye mtindo mwingine, kwa mfano 5-3-2024 katikati ya mikwaju.

Usipoandika `format`, R huamua kwa kutazama tarehe ya kwanza isiyo tupu, na zote zisizofanana nayo huwa NA kimyakimya. Ikiwa hiyo ya kwanza ndiyo mbovu, utapata kosa la `character string is not in a standard unambiguous format`. Hilo ni kosa zuri, likushukie mapema.

6. Bibi aliyezaliwa mwaka 58 amekuwa wa 2058. Nifanyeje?

Fomati `%y` ya tarakimu mbili ina kanuni yake: 00 hadi 68 huwa 2000 hadi 2068, na 69 hadi 99 huwa 1969 hadi 1999. Kwa tarehe za kuzaliwa kanuni hiyo haifai. Rudisha nyuma miaka mia kila aliyezaliwa kesho:

```r
k <- as.POSIXlt(as.Date("12/05/58", format = "%d/%m/%y"))
mbele <- as.Date(k) > Sys.Date()
k$year[mbele] <- k$year[mbele] - 100
as.Date(k)                                   # "1958-05-12"
```

Dawa hii haimfikii mzee wa mwaka 1920, kwa sababu 2020 imeshapita. Kwa wazee sana linganisha na umri ulioandikwa pembeni, kama upo.

7. Miezi imeandikwa kwa Kiswahili: "12 Machi 2024". R itaisoma?

Fomati `%B`, ya jina la mwezi, hutegemea lugha ya mfumo wa kompyuta. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza haijui Machi. Unaweza kubadilisha lugha kwa `Sys.setlocale()`, lakini programu itakayofanya kazi kwako itagoma kwa mwenzako. Mimi hubadilisha majina kuwa namba, basi:

```r
miezi <- c("januari","februari","machi","aprili","mei","juni",
           "julai","agosti","septemba","oktoba","novemba","desemba")
v  <- strsplit(tolower(d$tarehe), " +")
mm <- match(sapply(v, `[`, 2), miezi)
as.Date(paste(sapply(v, `[`, 3), mm, sapply(v, `[`, 1)), "%Y %m %d")
```

Kisha tazama palipo NA, hapo ndipo utakapokutana na "Mechi", "Septemba." yenye nukta, na "mwezi wa tatu".

8. Nimesoma faili ya Excel nikapata 45292. Hiyo ni tarehe?

Ni tarehe. Excel nayo huhesabu siku, ila haianzii 1970:

```r
as.Date(45292, origin = "1899-12-30")        # "2024-01-01"
```

Ukisahau `origin`, matoleo ya R kuanzia 4.3.0 hayatalalamika, yatahesabu kuanzia 1970 na kukupa "2094-01-02". Wagonjwa wote wa mwaka 2094, dalili ni hiyo. Na kwa nini tarehe 30 Desemba, si mosi Januari 1900? Kwa sababu Excel inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900, ambayo haikuwepo, na mwanzo umesogezwa ili tarehe za baada ya hapo zikae sawa. Baadhi ya faili, hasa za zamani zilizotoka kompyuta za Mac, huanzia 1904-01-01. Tarehe zote zikikaa miaka minne na siku moja kabla ya ilivyotarajiwa, ndilo tatizo.

Stata na SAS huhesabu siku kuanzia 1960-01-01. SPSS huhesabu sekunde kuanzia 1582-10-14, kwa hiyo gawa kwanza kwa 86400.

9. Nilikuwa na saa kwenye safu, sasa zimebaki tarehe tupu. Zimekwenda wapi?

Angalia kama kuna mstari mmoja usio na saa. `as.POSIXct()` bila fomati hutafuta mpangilio mmoja unaozifaa zote, na mpangilio unaozifaa zote ni ule wa tarehe peke yake:

```r
as.POSIXct(c("2024-03-01 08:15", "2024-03-02"))
# saa 08:15 imepotea
```

Karani mmoja akisahau saa mara moja katika mistari elfu, zote elfu zinapoteza saa. Andika `format = "%Y-%m-%d %H:%M"` na huo mmoja utakuwa NA, kama inavyostahili.

## Kutoa tarehe kwenye tarehe

10. Nikitoa wakati mmoja kwenye mwingine napata namba, lakini wakati mwingine ni dakika, wakati mwingine ni saa. Nani anaamua?

R inaamua, na ndiyo sababu usiiachie. Ukiandika `b - a` kwa `POSIXct`, R huchagua kipimo kikubwa kuliko vyote ambacho tofauti zote zinavuka moja. Kukiwa na mtu mmoja aliyesubiri dakika 20, safu nzima itakuwa kwa dakika. Wote wakivuka saa moja, itakuwa kwa saa.

Hili lilinipata. Nilikuwa nachora muda wa kusubiri kwenye kliniki moja, siku kwa siku, kwa kitanzi: toa, piga wastani, `as.numeric()`, endelea. Grafu ikatoka safi, na siku za Jumatatu, zile za foleni hadi nje ya geti, zikaonekana ndizo zenye nafuu kuliko zote. Wastani wa siku nyingine ulikuwa arobaini na kitu, wa Jumatatu ulikuwa 1.9. Nikatafuta sababu za kitaalamu kabisa, nikaandika na aya. Kumbe Jumatatu hakuna aliyesubiri chini ya saa moja, R ikahama kutoka dakika kwenda saa, na `as.numeric()` ikavua kipimo nikabaki na namba uchi.

```r
difftime(b, a, units = "mins")
as.numeric(difftime(b, a, units = "mins"))
```

Taja kipimo kila mara. Kwa `Date` kutoa `Date` hakuna hatari hiyo, jibu ni siku siku zote.

11. Nahesabuje umri? Nimegawa siku kwa 365.25.

Kwa wastani wa kundi, hesabu hiyo haina ubaya. Kwa mtu mmoja aliye kwenye mpaka wa umri, itakudanganya. Chukua aliyezaliwa 2001-03-01 na umpime siku anayotimiza miaka 18, yaani 2019-03-01. Katikati kuna siku 6574. Gawa kwa 365.25 upate 17.9986, punguza desimali upate 17. Umemnyima mtu utu uzima siku yake ya kuzaliwa.

Hesabu kama anavyohesabu binadamu: toa miaka, kisha punguza mmoja kama siku yake ya mwaka huu haijafika.

```r
umri <- function(kuzaliwa, leo) {
  k <- as.POSIXlt(kuzaliwa); l <- as.POSIXlt(leo)
  l$year - k$year -
    (l$mon < k$mon | (l$mon == k$mon & l$mday < k$mday))
}
```

Aliyezaliwa 29 Februari, kwa fanksheni hii, katika mwaka mfupi hutimiza tarehe 1 Machi. Kabla ya kufurahia usahihi huo, andika `table(format(kuzaliwa, "%m-%d"))`. Ukiona rundo kubwa kwenye 01-01, watu hao waliujua mwaka tu, na siku aliijaza karani. Umri wao unaweza kupotoka karibu mwaka mzima na hakuna fanksheni ya kurekebisha hilo.

12. Tarehe 31 Januari pamoja na mwezi mmoja ni ngapi?

Inategemea unamuuliza nani. `seq()` ya R itavuka Februari:

```r
seq(as.Date("2024-01-31"), by = "month", length.out = 3)
# "2024-01-31" "2024-03-02" "2024-03-31"
```

Ukitumia lubridate na kuandika `+ months(1)` utapata NA, na ukiandika `%m+% months(1)` utapata 2024-02-29, mwisho wa mwezi. Kwa marejesho ya mkopo au kodi ya nyumba, hiyo ya mwisho ndiyo watu wanayoimaanisha. Ndiyo sababu pia `difftime()` haina kipimo cha miezi: mwezi hauna urefu mmoja. Kwa ratiba ya chanjo au dozi, andika wiki au siku, uepukane na ubishi.

13. Kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 9 ni siku 6 au 7?

R itasema 6, kwa sababu inatoa. Mgonjwa aliyemeza dawa tarehe 3 na tarehe 9 pia amemeza siku 7. Ongeza moja pale siku zote mbili zinapohesabiwa, na uandike kwenye maelezo ya safu kwamba umeongeza. Siku za kazi utazipata kwa kuorodhesha siku zote kwa `seq()` na kuondoa zile ambazo `as.POSIXlt(s)$wday` ni 0 au 6. Sikukuu ziweke mwenyewe kwenye vekta (kuhusu Idd angalia swali la 22).

## Kanda za saa

14. Niandike nini kwenye tz? Nimeandika "EAT" ikaleta onyo.

EAT (saa za Afrika Mashariki) ni kifupi cha kuonyesha, R haikitambui kama jina la ukanda, na itakuhesabia kwa UTC. Andika jina la mji: `"Africa/Dar_es_Salaam"`, `"Africa/Nairobi"`, `"Africa/Kampala"`. Zote tatu ni UTC+3. Kigali na Bujumbura ni UTC+2, na Muscat, `"Asia/Muscat"`, ni UTC+4. Kongo ina kanda mbili: `"Africa/Kinshasa"` ni UTC+1 na `"Africa/Lubumbashi"` ni UTC+2, kwa hiyo "saa za Kongo" peke yake haitoshi. Orodha nzima iko kwenye `OlsonNames()`.

Usijaribu `"Etc/GMT+3"`. Alama zake zimegeuzwa: hiyo iko saa tatu nyuma ya UTC, na yetu ni `"Etc/GMT-3"`. Aliyepanga hivyo alikuwa na sababu zake. Wewe taja mji.

15. Nimetoa tarehe kwenye saa kwa as.Date() nikapata jana.

Tukio lilikuwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, sivyo? `as.Date()` kwa kawaida huisoma `POSIXct` kwa saa za UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Kwetu siku imeshageuka, UTC bado.

```r
x <- as.POSIXct("2024-03-01 01:30", tz = "Africa/Nairobi")
as.Date(x)                           # "2024-02-29"
as.Date(x, tz = "Africa/Nairobi")    # "2024-03-01"
```

Kwa data za mchana kosa hili halionekani kabisa. Kwa wodi ya wazazi, miamala ya simu au ajali za usiku, litahamisha sehemu ya matukio yako kwenda siku ya nyuma, na mengine kwenda mwezi wa nyuma.

16. Sisi saa zetu hazibadiliki. Kwa nini nijali nchi zinazobadilisha?

Kama unatazama mpira wa Uingereza unajua jibu. Mechi ya saa 17:30 ya London mwezi wa Januari huku ni saa mbili na nusu usiku. Ya saa hiyohiyo mwezi wa Aprili huku ni saa moja na nusu. Saa zetu hazikusogea, zao zilisogea.

```r
x <- as.POSIXct(c("2024-01-20 17:30", "2024-04-20 17:30"),
                tz = "Europe/London")
format(x, "%H:%M", tz = "Africa/Nairobi")    # "20:30" "19:30"
```

Kwa hiyo usijumlishe 3 kwa mkono. Na ukifanya kazi na data zao, siku si saa 24 kila mara: kutoka adhuhuri ya 30 Machi 2024 hadi adhuhuri ya 31 Machi, London ilipita saa 23. Saa 01:30 ya usiku huo haikuwepo London, na data inayoitaja imeandikwa kwa saa nyingine.

17. Nataka kubadilisha ukanda. Saa zibadilike au zisibadilike?

Hilo ndilo swali, na ni wewe wa kulijibu. Kama wakati ulirekodiwa sawasawa na unataka tu kuuona kwa saa za mji mwingine, tumia `lubridate::with_tz()`, au `format()` kama hapo juu. Kama saa ilisomwa vizuri lakini ikabandikwa ukanda usio wake, kwa mfano `ymd_hms()` imeiita UTC wakati karani alitazama saa ya ukutani Mwanza, tumia `force_tz()`. Ya kwanza haigusi wakati wenyewe. Ya pili inauhamisha.

## Saa za Kiswahili

18. Kwenye daftari imeandikwa "saa 2:30 asubuhi". Naiingizaje?

Ni 08:30. Kompyuta haijui kwamba sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, kwa hiyo geuza kabla ya kuijenga `POSIXct`. Mchana ongeza sita, usiku ongeza kumi na nane, na kila inapovuka 24 anza upya:

```r
saa24 <- function(saa, kipindi) {
  giza <- kipindi == "usiku" |
    (kipindi == "alfajiri" & saa < 12) |
    (kipindi == "asubuhi"  & saa %in% c(10, 11)) |
    (kipindi == "jioni"    & saa %in% c(12, 1))
  (saa %% 12 + ifelse(giza, 18, 6)) %% 24
}
saa24(c(2, 12, 12, 4, 9),
      c("asubuhi", "asubuhi", "jioni", "usiku", "usiku"))
# 8  6 18 22  3
```

Mistari ya asubuhi na jioni niliiongeza baada ya kupekua madaftari. Wapo waandikao "saa 11 asubuhi" wakimaanisha alfajiri, na "saa 1 jioni" wakimaanisha magharibi imeingia.

Safu ngumu ni ile isiyo na kipindi. "2:30" peke yake ni nini? Katika daftari moja utakuta muuguzi wa zamu ya asubuhi anaandika saa za Kiswahili na wa zamu ya mchana anaandika alivyoona kwenye simu yake. Chora `hist()` ya saa zote. Kama zahanati inafunguliwa saa mbili asubuhi na una vilima viwili, kimoja kwenye 2 hadi 5 na kingine kwenye 8 hadi 11, umeshajua kuna waandishi wawili. Kutenganisha kwa mwandiko au jina la zamu kunawezekana. Kutenganisha kwa namba peke yake hakuwezekani, maana 8:30 inaweza kuwa asubuhi ya simu au saa nane na nusu mchana.

19. Muda wa kujifungua umetoka hasi: saa -19. Mama alijifungua kabla ya kufika?

Tazama mstari wenyewe: alipokelewa tarehe 14 saa 4 usiku, alijifungua tarehe 14 saa 9 usiku. Kwa aliyeandika, huo ni usiku mmoja, na usiku mmoja una tarehe moja. Kwa R, saa 4 usiku ni 22:00 na saa 9 usiku ni 03:00 ya tarehe hiyohiyo, alfajiri iliyotangulia. Mtoto amezaliwa tarehe 15.

```r
muda <- as.numeric(difftime(kujifungua, kupokelewa, units = "hours"))
rekebisha <- muda < 0 & muda > -24
kujifungua[rekebisha] <- kujifungua[rekebisha] + 86400
```

Saa -19 inakuwa 5. Hifadhi alama ya mistari uliyoigusa, na uirekebishe tarehe ya kuzaliwa pia, si muda peke yake.

Mkanganyiko huu haukuanza na kompyuta. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku huingia magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa, ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi. Ndiyo maana tukasema "usiku wa kuamkia". Ukiandaa dodoso, tumia maneno hayo na utapunguza ubishi.

## Pembezoni

20. Kwenye kitanzi tarehe zangu zimegeuka namba kama 19783.

`for (t in tarehe)` huvua nguo ya tarehe, vivyo hivyo `ifelse()`. Zungusha kwa nafasi, `for (i in seq_along(tarehe))`, kisha chukua `tarehe[i]`. Badala ya `ifelse()` tumia `dplyr::if_else()`, au badilisha moja kwa moja kwa mabano ya mraba kama katika swali la 6.

21. Siku za juma, wiki na mwaka wa fedha?

Kwa majina ya siku, usitegemee `weekdays()` kwa sababu ileile ya swali la 7:

```r
siku <- c("Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano",
          "Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi")
siku[as.POSIXlt(t)$wday + 1]
```

Kwa jina lake Jumapili ni siku ya pili, kwa `$wday` ni 0, kwa `%u` ni 7. Chagua moja.

Kwa wiki za ISO andika `"%G-W%V"`, si `"%Y-W%V"`: tarehe 30 Desemba 2024 ni wiki ya 1 ya 2025, na `%Y` itakuandikia wiki ya 1 ya 2024. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza 1 Julai, kwa hiyo mwaka ulioanzia ni `l$year + 1900 - (l$mon < 6)`, `l` ikiwa `POSIXlt`.

22. R inajua Ramadhani na Idd?

Haijui. Kalenda yake ni ya Gregori peke yake. Zipo hesabu za kukisia mwaka wa Hijria, lakini kwetu mwezi huandama kwa kuonekana, na tarehe iliyotangazwa inaweza kutofautiana na ya hesabu kwa siku moja. Kwa data za miaka iliyopita, andika tarehe zilizotangazwa kwa mkono; ni mistari miwili au mitatu kwa mwaka.

23. Nimeingiza rekodi za Nairobi za miaka ya mwanzo ya 1930 na saa zimepishana kwa nusu saa. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Katika kumbukumbu ya kanda za saa inayotumiwa na R, Nairobi iliwahi kuwa UTC+2:30, baadaye UTC+2:45, kabla ya kutulia kwenye UTC+3. Ukigeuza rekodi hizo kwenda UTC, R huzingatia historia hiyo. Kama unalinganisha saa za ukutani tu, Nairobi kwa Nairobi, zisome zote kwa `tz = "UTC"` na usizigeuze popote.